Corolla 110 sailensa 1,800 baada ya kufunga manifoldi: tumeifungua upya hapa Mtwara na bado

Mwalimu wa Chuno (Ijumaa, saa 3 usiku)

Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi. Hili jambo nimekaa nalo muda, sasa nalileta kwenu kabla mke wangu hajaliuza gari kwa bei ya fungu la ming'oko.

Gari ni Corolla 110, injini 5A-FE, cc 1,498. Linanipeleka shule na kunirudisha Chuno, na msimu wa korosho ukifika linakwenda Nanyamba kwa mama mkwe. Mwezi uliopita lilianza kupiga mluzi mwembamba nyuma ya injini, ule upande wa ukuta wa kabini ambako manifoldi ya inteki (bomba lenye matawi linalogawa hewa kwa silinda) imejificha. Nikikanyaga mafuta mluzi unapotea, nikiachia unarudi. Fundi wa gereji moja hapa mjini akasikiliza, akasema gasketi ya manifoldi imekufa. Hapo alikuwa sahihi, sitamnyima haki yake.

Gasketi ya dukani hakuwa nayo. Akalaza karatasi ya gasketi juu ya manifoldi, akagonga kingo kwa nyundo mpaka ikakatika kufuata umbo, akapaka silikoni nyekundu pande zote mbili kama anayepaka mkate siagi, akafunga. Gari likawaka. Sailensa, yaani mizunguko ya injini kwa dakika ukiwa hujakanyaga mafuta, ikapanda 1,800, ikashuka 1,200, ikapanda tena, kama kuna mtoto anachezea pedali. Akakaza skrubu ya throto, ule mlango wa hewa unaofunguliwa na pedali ya mafuta. Akailegeza. Akasema tatizo ni kompyuta. Nikalipa, nikarudi nalo linanguruma mpaka nyumbani, watoto wa jirani wakidhani nimenunua gari la mashindano.

Nikaagiza gasketi halisi ya bati kutoka Kariakoo, ikaja na basi. Juzi jioni mimi na mpwa wangu, anayesoma ufundi wa magari VETA, tukafungua wenyewe. Tulikuta vipande vya silikoni vinaning'inia kwenye matundu ya silinda ya 2 na ya 3. Vingine vilishaondoka na hewa, Mungu ndiye anajua viliko. Na ile gasketi ya nyundo, matundu yake yalikuwa madogo kuliko ya manifoldi, karatasi inachungulia njiani.

Tukasafisha. Tukafunga gasketi mpya kavu, bila silikoni. Bolti na nati za namba 12, kuanzia katikati kwenda pembeni, awamu tatu, toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) ya kuazima imewekwa Nm 19. Ikalia tik kila mahali. Hosi tumezirudisha kwa kufuata picha tulizopiga kabla ya kufungua. Tukawasha.

1,800. Ikashuka 1,200. Ikapanda.

Nisaidieni. Picha nilitaka kuziweka, mtandao umezikataa.

---

Deiwaka Ligula

Badilisha throto nzima mkuu, hizo zimechoka. Ninayo moja imetoka kwenye gari lililogongwa, njoo inboksi tuongee.

---

SpanaKumiNaMbili

Mwalimu, usinunue throto ya mtu usiku wa Ijumaa. Kwanza elewa kwa nini inapanda na kushuka, maana huo mchezo una maana yake.

Injini yako haina sensa ya kupima hewa inayopita kwenye ekleana (chujio la hewa). Ina sensa ya presha, ile ndogo iliyoungwa na manifoldi kwa hosi nyembamba. Kompyuta inasoma presha iliyomo ndani ya manifoldi, inaangalia na mizunguko ya injini, inakisia hewa iliyoingia, kisha inapiga petroli inayolingana nayo. Hewa ya wizi ikipenya kwenye pengo la gasketi, presha ndani inapanda, kompyuta inadhani umekanyaga kidogo, inaongeza petroli. Hewa zaidi na petroli zaidi, mizunguko lazima ipande. Valvu ya sailensa inajitahidi kufunga mpaka inafika mwisho, haina tena la kufanya.

Sasa angalia kichekesho chenyewe. Mguu wako hauko kwenye pedali, throto imefungwa, lakini mizunguko iko juu. Kompyuta inaamini unateremka kilima huku umeachia mafuta, kwa hiyo inakata petroli. Mizunguko inaporomoka. Ikifika chini inarudisha petroli, inapanda tena. Wewe unaona gari bovu, yenyewe inaona inakusaidia kubana matumizi.

Ndiyo maana ukikuta IST ya 1NZ ina pengo kama lako, mara nyingi haingurumi hivyo. Ile ina sensa ya hewa kwenye boksi la ekleana. Hewa iliyoingilia mlango wa nyuma haikupita kwa mlinzi, kwa hiyo haihesabiwi, mchanganyiko unakuwa na petroli pungufu, gari linatetemeka na kumisi, taa ya injini inawaka na mashine inaandika P0171. Ugonjwa mmoja, kilio tofauti. Wanaokuambia "IST ya shemeji yangu ilikuwa na tatizo hilo haikufanya hivyo" wasamehe.

Kwako hewa inaingia baada ya throto. Throto haina kesi. Tafuta hosi, sava ya breki (kile kisaidizi cha pedali ya breki), oringi za nozeli za petroli, au gasketi hiyohiyo mliyofunga. Anza na rahisi: injini ikiwaka, bana hosi moja baada ya nyingine kwa plaizi iliyofungwa kitambaa. Ile nene ya sava ya breki iwe ya kwanza.

---

Mwalimu wa Chuno

Asante sana mkuu, hakuna aliyewahi kunieleza hivi tangu ninunue gari. Nimebana zote usiku huu huu na tochi mdomoni. Hakuna iliyobadilisha kitu hata kidogo.

---

Njia Panda Mingoyo

Mmeangalia kama mmeacha tambara ndani? Sicheki. Mwaka fulani Lindi niliziba matundu ya hedi (kichwa cha injini manifoldi inapofungwa) kwa vitambaa ili uchafu usiingie, jambo la busara kabisa. Viliingia vinne, vikatoka vitatu. Gari la watu likawaka kwa silinda tatu, na kitambaa cha nne nilikuja kukitoa kwa koleo vipande vipande siku mbili. Tangu siku ile natumia kitambaa kimoja kirefu kinachopita matundu yote, mkia unaning'inia nje. Hakisahauliki.

---

Babu Diseli

Marahaba mwalimu. Mimi ni mtu wa Land Rover za zamani na trekta, hizi za kompyuta nazitazama kwa mbali, lakini uso wa chuma ni uso wa chuma. Nijibu matatu. Mlikwangua kwa kitu gani? Mlipima unyoofu wa manifoldi kwa rula? Na matundu ya bolti mliyasafisha au mlipuliza kwa mdomo?

---

Mwalimu wa Chuno

Shikamoo babu.

La kwanza najivunia. Mpwa alitaka kutumia bisibisi, nikakataa. Jirani yangu ni mchongaji wa vinyago, nikamwomba kipande cha mpingo alichotupa, akanichongea ncha bapa kama patasi. Inang'oa karatasi na silikoni iliyokauka, na alumini haipati mkwaruzo. Ikibutuka unainoa kwenye sakafu.

La pili, hatukuwa na rula.

La tatu, tulipuliza kwa mdomo.

---

Babu Diseli

Mpingo! Hiyo nimeipenda. Vijana wa siku hizi wanaweka diski ya msasa kwenye grenda, uso unang'aa kama kioo, kisha ile vumbi ya msasa inakwenda kula pistoni na beringi. Bora gasketi ivuje kuliko hiyo.

Lakini hilo la tatu, mwalimu. Sisi tunaishi na chumvi. Gari linalolala Shangani au Mikindani miaka kumi, bolti za chuma ndani ya alumini zinaota unga mweupe. Unga huo na matone ya oili yakibaki chini ya tundu, bolti inafika chini kabla ya kichwa chake kubana manifoldi. Unaona ngumu, unasema imekaza. Haijakaza, imegonga mwamba. Chukua tepu ya kukatia uzi ya saizi yake, pitisha kwa mkono taratibu, usafishe uzi. Uzi wa tundu nasema, si uzi huu. Kisha puliza kwa kompresa, miwani machoni.

Na rula ni lazima. Ukingo wa chuma ulionyooka juu ya uso wa manifoldi, fila geji (vibati vyembamba vya kupimia pengo kwa milimita) chini yake, mistari ya urefu na ya mshazari. Fila ya 0.20 ikipita mahali, mpelekee mtu wa mashine aisawazishe. Usijaribu kunyoosha kwa kukaza bolti, masikio ya manifoldi yatapasuka.

---

Dada wa Spea Masasi

Samahani naingilia. Gasketi uliagizaje? Wateja wangu wananiambia "nipe gasketi ya Corolla 110" wanakata simu. Humo ndani kuna injini ya 4E, ya 4A, ya 5A, kuna hata diseli. Mimi sasa simuuzii mtu bila namba ya injini, au aniletee gasketi ya zamani niilaze juu ya mpya tuone matundu kwa matundu. Mwaka 2024 mwezi wa tano, kimbunga Hidaya kilipokata barabara ya Kilwa, kuna mteja alisubiri mzigo siku nyingi, ulipofika ni wa injini nyingine. Kosa lake na langu, tuligawana hasara.

---

Mwalimu wa Chuno

Dada, niliituma kwa namba ya injini na picha, na matundu yanalingana. Hilo nina hakika nalo.

---

Mwananewala

Nami nina swali dogo la pembeni. Nimenunua geji ya vakyumu ya mtumba, ile ya kupima mvuto wa hewa ndani ya manifoldi. Carina yangu haina shida yoyote, inasimama vizuri, ila geji inasoma inchi 17 ikiwa sailensa. Mitandaoni wanasema 18 hadi 21. Nami nina manifoldi mbovu?

---

SpanaKumiNaMbili

Wewe uko Newala, juu ya mlima wa Makonde. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya ufukweni. Kila mita 300 unazopanda kutoka usawa wa bahari, geji inapoteza karibu inchi 1. Inchi 17 iliyotulia Newala ni injini nzima. Ingesoma 17 Mtwara feri tungekaa chini tuongee. Cha kuangalia zaidi ni sindano: ikitulia, furahi, ikitetemeka au ikibembea, kuna neno.

---

Deiwaka Ligula

Mwalimu njia ya mkato: chukua chupa ya maji, toboa kizibo, weka petroli, mwagia kwenye gasketi injini ikiwaka. Ikibadilisha sauti umepata.

---

SpanaKumiNaMbili

Usifanye. Rudia kusoma: usifanye. Watu wanajifariji kwamba kwenye 5A ekzosi iko mbele na inteki iko nyuma, basi petroli haifiki kwenye moto. Injini hiyo ina distributa na waya za plagi, na waya za miaka ishirini na ushee zinarusha cheche gizani ukizitazama. Maji ya sabuni kwa pampu ya kunyunyizia maua yanatosha kwa pengo kubwa, utasikia mluzi unakatika na povu linavutwa ndani. Kwa pengo dogo, au lililo chini usikoliona, tumia moshi.

Moshi ni hivi. Injini imezimwa na imepoa. Unavua mpira wa ekleana kwenye throto, unaziba mdomo wa throto kwa mpira wa ndani wa baiskeli uliofungwa kwa klipu. Unaingiza moshi kwa hosi moja ya vakyumu, presha ndogo sana, hata pumzi ya mdomo inatosha. Moshi utatokea pale hewa inapoingilia. Mafundi wa mjini wana mashine yake, lakini moshi ni moshi.

---

Mwalimu wa Chuno (Jumapili, saa 12 jioni)

Wakuu, mrejesho, na naomba mkae vizuri.

Jana tulifungua tena. Rula ya chuma tulipata kwa fundi aluminiamu wa madirisha. Manifoldi imenyooka, fila ya 0.20 haikupita popote, na ya 0.10 iliingia kidogo tu kwenye kona moja. Matundu tulipitisha tepu. Babu, kwenye tundu mbili za chini kulitoka uji mweusi wa oili na unga, kama kijiko cha chai kizima. Nikasema hapa ndipo. Gasketi ya bati tulikuwa na ya akiba (dada wa spea utanicheka, niliagiza mbili). Tukafunga, Nm 19, tik tik tik, tukawasha kwa bismillahi.

1,800.

Mpwa akakaa chini kwenye mchanga akacheka mpaka machozi.

Leo ndiyo nikafanya moshi. Mashine sina. Nimechukua kopo la maziwa ya unga, nikatoboa matundu mawili, moja la kuingiza pumzi kwa pampu ya baiskeli na moja la kutolea kwa hosi. Ndani nikaweka pamba yenye matone ya oili ya injini juu ya kaa moja la moto. Mama watoto akasema kwa nini usichukue chetezo, nikamwambia ubani una utomvu, utanata ndani. Ukweli ni kwamba niliogopa kuharibu chetezo chake. Kopo tuliliweka mbali na gari, hosi mita tatu, kofia ya tangi imefungwa, ndoo ya mchanga iko pembeni.

Dakika ya kwanza hakuna kitu. Dakika ya pili mpwa amelala chini na tochi anapiga kelele: "Mjomba, inatoka huku chini!" Moshi unapanda taratibu kutoka upande wa chini wa silinda ya 3 na ya 4. Juu pakavu kabisa. Nikachukua fila, nikaisukuma pale chini kwa kupapasa. Ya 0.20 imeingia. Bolti zote zimekazwa, toki imelia, uso umenyooka, gasketi mpya, na fila inaingia!

Naomba mtu anieleze fizikia ya jambo hili. Mimi nafundisha jiografia.

---

Njia Panda Mingoyo

Nimesimamisha kula. Ngoja babu aje.

---

Babu Diseli

Chini ya manifoldi kuna mkono wa chuma, stei, unaoshikilia manifoldi na bloku. Mliufunga lini? Kabla ya bolti za juu au baada?

---

Mwalimu wa Chuno

Kabla, babu. Manifoldi ilikuwa inateleza, nzito, mikono haitoshi kule nyuma. Tukafunga stei kwanza ikaishikilia, ndipo tukaanza bolti za kwenye hedi. Mara zote mbili.

---

Babu Diseli

Basi toki yenu ilikuwa inapigana na stei. Toki renchi inapima ukaidi wa bolti tu. Haijui kama nyuso mbili zimekutana. Manifoldi imeshikwa chini na mkono uliokazwa, bolti za hedi zinaivuta, mkono unaikatalia, bolti inakuwa ngumu, renchi inalia tik. Wewe umefurahi, chini pana pengo.

Legezeni bolti zote mbili za stei, ziwe za kuchezacheza. Legezeni za manifoldi nusu mzunguko kila moja, kisha mkaze upya kutoka katikati. Stei iwe ya mwisho kabisa. Na itazameni hiyo stei kama imepinda. Huyo fundi wa nyundo asiyekuwa na gasketi hakushindwa kuitumia kama nguzo ya kukanyagia mtarimbo.

---

Kijana wa Mkanaledi

Samahani wakuu, toki renchi kwetu ni kama dhahabu, gereji nzima haina. Mnakazaje bila hiyo?

---

SpanaKumiNaMbili

Kuna mzani wa kuning'iniza wa samaki au wa korosho, ule wenye kulabu. Chukua ringi spana, pima sentimita 20 kutoka katikati ya bolti hadi unapofunga kamba. Vuta mzani kwa kona mraba na spana, si mshazari. Ukisoma kilo 9.7 umefika karibu Nm 19. Spana ya sentimita 25, kilo 7.75. Hesabu ni kilo mara 9.81 mara urefu kwa mita. Angalia kitabu cha injini yako kwa namba yenyewe, usichukue ya 5A ukaipeleka kwenye injini nyingine.

Watakaosema huo ni ushamba, waje na renchi zao watuazime.

---

Deiwaka Ligula

Mimi nakaza kwa mkono miaka kumi na mbili, sijawahi kupata malalamiko.

---

Dada wa Spea Masasi

Malalamiko yanakuja kwangu kaka, wananunua stadi mpya (bolti zisizo na kichwa) baada ya kukata za zamani.

---

Mwananewala

😂😂 Deiwaka pumzika.

---

Mwalimu wa Chuno (Jumanne, saa 2 usiku)

Wakuu, kwanza asanteni. Pili, haya ndiyo yaliyotokea, na nitaandika kwa kirefu kidogo kwa sababu siku moja kuna mtu ataingia humu usiku na 1,800 yake.

Renchi ilikuwa imesharudi kwa mwenyewe, hivyo nikaenda feri saa 12 asubuhi kumwomba mama mmoja anayeuza changu aniazime mzani. Akaniuliza wa kupimia nini, nikasema injini, akanitazama kama mtu aliyepotewa. Akanipa.

Tulilegeza bolti mbili za stei. Mpwa alikuwa amekamata manifoldi kwa mkono, anasema aliisikia ikisogea, "ikakaa." Nilipopitisha fila pale chini, hata ya 0.05 haikuingia, na bado hatujakaza chochote upya! Tukatoa stei kabisa na kuilaza juu ya kioo cha meza. Imepinda. Tundu la juu limekwenda pembeni karibu milimita 3 na kuna alama ya chuma kilichoegemea. Babu, umeona bila kuja.

Stei tuliinyoosha kwenye jiliwa, taratibu, mpaka bolti zote mbili zikaingia kwa vidole bila kulazimisha chochote. Gasketi tuliirudisha ileile ya Jumamosi, najua haishauriwi, lakini haikuwa imebanwa upande wa chini na upande wa juu haikuonyesha kuumia. Imefanya kazi, ila msinifuate. Ningekuwa na ya tatu ningefunga ya tatu.

Mpangilio wa safari hii: stadi na bolti zote kwa vidole kwanza, zote, mpaka zinagusa. Kisha mzani kilo 5, katikati kwenda nje. Kisha kilo 8. Kisha 9.7. Kisha nikarudia duru moja, na kweli mbili za kwanza zilikuwa zimelegea kidogo baada ya gasketi kukaa. Ndipo stei. Ndipo hosi, reli ya mafuta, kebo ya pedali ya mafuta. Betri tulikuwa tumetoa nyaya ya hasi toka mwanzo, na presha ya petroli tuliitoa kabla ya kugusa reli.

Kosa letu jipya, maana hatukosi: tulipojaza kulenti (maji ya rejeta) hatukutoa hewa. Hosi mbili za maji zinapita kwenye throto, na tulipowasha, sailensa ikawa inapanda na kushuka kati ya 900 na 1,400. Moyo ulinidondoka. Mpwa akagusa hosi moja ya throto, ya baridi, wakati injini inachemka. Tukafungua mfuniko wa rejeta baada ya kupoa, tukaongeza karibu nusu lita, tukawasha mfuniko ukiwa wazi mpaka mapovu yakaisha. Hosi ikapata joto.

750. Imesimama kama msumari. Mluzi hakuna. Nimezima na kuwasha mara nne kwa kutoamini.

Leo mchana nimekwenda Mikindani na kurudi, nikapita na Naliendele, kilomita kama 50. Gari linaachia mafuta vizuri, harufu ya petroli imepotea. Ile skrubu ya throto aliyochezea fundi nimeirudisha kwenye alama yake ya rangi ya kiwandani.

---

SpanaKumiNaMbili

Safi sana mwalimu. Unganisha kwa waya TE1 na E1 kwenye ile boksi ndogo chini ya boneti, washa swichi bila kuwasha injini, uhesabu taa ya injini inavyopepesa. Ukiona mpepeso wa haraka usiokatika, hakuna kodi (namba ya hitilafu) iliyobaki kwenye kompyuta. Kama kuna kodi, chomoa fyuzi ya EFI sekunde 30 uifute. Na ukumbuke kutoa waya, usiende nayo Nanyamba.

---

Babu Diseli

Plagi uzichomoe baada ya wiki moja uzitazame. Ile silikoni iliyomezwa, nataka kujua kama imeacha alama.

---

Mwalimu wa Chuno

Nitafanya babu, nitaweka picha mtandao ukikubali.

---

Kijana wa Mkanaledi

Mwalimu, huo mzani uko wapi? Nina Noah ya 3S inapiga mluzi nyuma ya injini kama ulivyoeleza, nataka Jumamosi.

---

Mwalimu wa Chuno

Nimeurudisha feri kwa mwenyewe, unanuka changu na grisi. Nenda kabla ya saa 1 asubuhi, na ununue samaki kwanza ndipo uombe. Stei ya Noah iangalie kabla ya kufungua kitu kingine chochote.